Blanketi za Kwenda Barafuni

Mjukuu wangu Mihayo anatutafutia meli. Si meli ya kuvukia. Ni meli ya kukaa ndani, yenye vyumba na vitanda, inayokwenda kaskazini kabisa mwa dunia, huko ambako milima ya barafu inamong'onyoka na kuangukia baharini. Yeye anafanya kazi upande huo. Anataka twende wote: mimi, mama yake, yeye na mkewe, na kitukuu changu Neema mwenye miaka sita. Vizazi vinne ndani ya meli moja, anasema, na akilisema hilo anacheka kama mtu aliyeshinda mchezo. Alipokuja likizo alifika hapa kwangu Itetemia na picha kwenye simu, akanionyesha kitanda nitakacholalia. Nikamwuliza choo kiko wapi. Akanionyesha na choo.

Neema alikuwa anakunywa juisi yenye barafu. Akatoa kipande kimoja kwenye glasi, akaniwekea kiganjani. "Shika, Bibi, ujizoeze." Watu wazima wakacheka. Mimi nikafumba mkono. Kile kipande kikauma, halafu kikaanza kulowesha vidole, halafu mkono ukabaki mtupu na maji yananidondokea kwenye khanga. Nikanyanyuka nikaenda uani, wala sikumuaga mtu. Walidhani nimekasirishwa na mtoto.

Safari ya barafu katika ukoo wetu si hii ya kwanza. Tulikwishaipanga nyingine, mimi nikiwa na umri kama wa Neema au nimemzidi kidogo, na katika waliopanga nimebaki mimi peke yangu. Sijawahi kuisimulia yote. Wenzangu wa rika langu, mliohamishwa kama nilivyohamishwa, mtanielewa haraka.

Nyumbani kwetu kulikuwa kati ya Tabora na Igalula, karibu na ile njia ya zamani ya misafara. Siku zile njia yenyewe ilikuwa imebaki kama mfereji tu, nyasi zimeota katikati, lakini Babu aliiita barabara. Babu yangu aliitwa Kulwa, na mwenye kujua majina ya kwetu ameshaelewa kwamba alizaliwa pacha na mwenzake aliitwa Doto. Wote wawili walikuwa wapagazi. Katika ujana wao walichukuliwa na Wazungu waliokuwa wanakwenda kupima milima, wakabeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka kaskazini, nchi ya Waganda na kuipita, mpaka kwenye milima mirefu yenye barafu juu yake. Wengine wanaiita Milima ya Mwezi. Doto hakushuka kutoka huko. Baridi ilimshika usiku mmoja, asubuhi wakamkuta amekauka na mzigo wake kando. Wakamlaza palepale, wakamfunika kwa barafu maana hapakuwa na udongo.

Sasa sikilizeni desturi ya kwetu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mtu akifia safarini, mwenzake anayerudi huokota jiwe pale alipolala marehemu akalibeba. Jiwe hilo haliwekwi chini. Ukilala unalala nalo kifuani, ukichota maji limo kwenye nguo uliyojifunga. Likigusa ardhi njiani, mwenyewe anabaki hapo lilipogusa. Lina mahali pamoja tu: kizingiti cha nyumba ya mama yake. Hapo linafukiwa nusu, na kila anayeingia analiruka. Basi amefika kwao.

Jiwe la Doto lilikuwepo kwenye kizingiti chetu. Jiwe la kijivu, bapa, kubwa kama kiganja cha mwanamume. Nililiruka kila siku ya Mungu. Mama yangu akifagia, alilifagia kwa mkono, si kwa ufagio.

Kwa hiyo Babu alipoanza kusema anataka kwenda tena kwenye barafu kabla hajafa, na kwamba twende wote, yeye, baba yangu, mama, mimi na mdogo wangu mchanga, baba alishangaa.

"Baba, Doto si amefika? Jiwe lake hili hapa."

"Nataka kumletea jiwe jingine," Babu akasema. "Na nataka aone damu yake, mkubwa kwa mdogo. Mimi nina macho ya kuona nini sasa? Ninyi ndio mtakaonionea."

Macho yake yalikuwa yameingia utando. Aliona mwanga na kivuli, basi. Mimi nilikuwa fimbo yake. Alinishika bega la kushoto tukaenda popote, na aliniita mke wangu, kama mababu wanavyowatania wajukuu wao. "Mke wangu Nyamizi, mbele kuna nini?" Nami namwambia: kuna kisiki, kuna mbuzi, kuna mama Maria anakuja na kuni. Nilichosema mimi ndicho alichokiona. Mtoto akipewa kazi hiyo anakuwa na kiburi, na mimi nilikuwa nacho.

Baba hakuwa mtu wa kumkatalia baba yake. Akaulizia stesheni. Garimoshi mpaka Mwanza. Kutoka Mwanza, meli ya ziwani mpaka Bukoba, na kutoka Bukoba meli mpaka Uganda. Siku mbili majini. Kule kuna garimoshi jingine linalofika karibu na milima. Babu alisikiliza, akasema, "Kumbe siku hizi mtu anakwenda huko amekaa?" Halafu akasema, "Doto angecheka."

Maandalizi yalichukua kiangazi kizima. Babu alikataa masanduku. Alisema safari ni mizigo, na mzigo una sheria zake. Tukachonga vilindo vya magome ya miti, tukajaza michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Mpaka leo nikisikia harufu ya michembe kwenye gunia, moyo unanilegea. Kila mzigo ulifungwa kwa kamba ya mti, fundo liangalie juu, na kila mtu akasokotewa ngata yake ya nyasi ya kuwekea kichwani. Yangu ilikuwa ndogo kama kikombe. Jioni Babu alitupanga mstari, baba mbele, mama na mtoto mgongoni, mimi na yeye nyuma, tukazunguka uwanja wa nyumba yetu na mizigo kichwani ili shingo zizoee.

Majirani walikuja kutazama kama wanatazama ngoma.

"Mzee Kulwa! Kama unataka baridi, si uingize kichwa mtungini?"

"Mtungi wako una vyura," Babu alijibu. "Watanicheka."

"Na huyo mtoto anabeba nini?"

"Anabeba macho yangu. Pisheni."

Siku moja tulikwenda mjini Tabora kununua blanketi. Mwenye duka alikuwa Mhindi mmoja mnene, mwema, aliyesema Kiswahili kama sisi. Baba akaomba blanketi nne, zile nzito kuliko zote. Yule mzee akatutazama, nje jua linachoma mpaka mbwa wamelala chini ya mikokoteni. "Blanketi nne, joto hili? Mnaoza binti au mnazika?" Baba akacheka, akamwambia tunakwenda kwenye barafu. Mhindi akatoa na la tano, dogo, la mtoto, akasema hilo ni zawadi, tukirudi tumsimulie.

Mimi barafu sikuijua. Babu alinieleza: ni maji yaliyolala kama jiwe, meupe, na kitu ukikiweka ndani yake hakiozi. "Doto yuko vilevile," aliniambia. "Mimi nimezeeka, yeye bado kijana. Hata ndevu hana." Mtu mzima angeelewa. Mimi nilielewa kwamba Doto amelala. Kwamba kuna kijana huko juu, ana sura ya Babu bila makunyanzi, anatusubiri tumwamshe. Nikaanza kumwekea michembe. Kila siku vipande viwili navificha chini ya mzigo wangu, maana tangu alale lazima ana njaa. Sikumwambia mtu. Nilitaka niwe wa kwanza kumpa.

Ndivyo nilivyoitaka safari ile. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tena.

Maneno ya operesheni ya vijiji yalikuwepo, lakini kama radi ya mbali. Watu wote wahamie vijijini, wakae pamoja, walime pamoja, wapate shule na maji. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita akasema zamu yetu itafika. Wanaume wa pale kwetu wakakaa wakakubaliana: lori likija, mtu asipande. Watakaa milangoni mwao na hawatanyanyuka. Babu ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote. "Mimi nina jiwe mlangoni. Wataning'oa nalo." Wakamshangilia. Walimtazamia yeye. Mzee asiponyanyuka, hakuna atakayenyanyuka.

Baba akaondoka kwenda mjini kufuata barua ya ruhusa ya kusafiri, maana siku zile huvuki mpaka hivihivi. Alisema atarudi na gari la kutupeleka stesheni na mizigo yetu. "Mkisikia gari, muwe tayari," aliniambia mimi, akanigusa kichwa. "Wewe ndiye utakayemwongoza Babu."

Kesho yake asubuhi nikasikia gari.

Mama alikuwa ameshuka kisimani, mdogo wangu amelala ndani. Babu ameketi mlangoni, miguu yake huku na huku ya lile jiwe. Lori likaja polepole kwenye ile barabara ya misafara na vumbi jekundu nyuma yake. Juu kulikuwa na wanaume wenye marungu, mgambo, lakini mimi mgambo nilikuwa sijawaona. Niliona gari. Niliona kwamba ni kubwa, litatosha mizigo yote. Nikaruka.

"Babu! Gari limekuja!"

"Gari gani?"

"Gari la safari! La stesheni!"

Babu hakunyanyuka. Aligeuza sikio. "Baba yako yumo?"

Nilitazama. Mbele kulikuwa na dereva na mtu mwingine mwenye shati jeupe. Sura yake sikuiona, kioo kilikuwa na vumbi. Baba alikuwa na shati jeupe. Lakini nitasema kweli, maana nimeshazeeka: nilijua si baba. Baba alikuwa mrefu, yule alikuwa mfupi. Nilijua. Nikafikiri, nikisema hayumo, Babu atasema tusubiri, na gari litaondoka, na Doto atabaki amelala. Baba atatukuta stesheni. Ndivyo nilivyojiambia.

"Yumo," nikasema.

Babu akanyanyuka. Akaweka mkono begani kwangu. Aliliruka jiwe kwa uangalifu kama kawaida yake, na tukaenda wenyewe mpaka kwenye lori, hatukusukumwa na mtu. Yule mwenye shati jeupe akashuka akaona mizigo yetu imepangwa mstari ukutani, imefungwa vizuri, ngata juu yake.

"Angalieni hawa!" akapiga kelele. "Wamejiandaa wenyewe! Mzee mzima amekubali! Huu ndio mfano!"

Majirani walikuwa wameketi milangoni kama walivyokubaliana. Wakamwona Mzee Kulwa anapanda. Nikamwona mama Maria anamtazama mumewe. Kisha mmoja akanyanyuka, na mwingine, na wote. Hawakupigana. Mama akaja mbio kutoka kisimani na ndoo, maji yanamwagika njia nzima, akapiga ukelele mmoja tu: "Baba, umefanya nini?" Mgambo wakapakia mizigo yetu, wakamkabidhi mtoto wake, wakamsukuma juu.

Babu aliielewa sauti ile. Nilihisi vidole vyake kwenye bega langu. Havikubana. Vililegea tu.

"Hili ni lori la vijiji, Baba," mama akamwambia akilia.

"Nimesikia," akasema Babu.

Hakunisema. Hilo ndilo sikulielewa, na kwa muda mrefu nilidhani hajui. Lori likaondoka. Nyuma yetu moshi ukapanda, moshi mwingi, mnene. Mimi nikafikiri watu wanachoma mashamba ili walime mapema. Nikamwambia Babu: "Wanachoma shamba." Hakuitikia. Ilikuwa mara ya kwanza nimemwambia kilichoko na asiitikie.

Walitushusha mbugani, kwenye ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Hapakuwa na nyumba wala kisima. Kulikuwa na vijiti vilivyochomekwa mstari, kila kijiti ni kaya. Tukapewa kijiti chetu. Majirani zetu wa zamani wakawa majirani tena, ila sasa hawakututania. Mama Maria alipita na mtungi akamwambia mama, bila kusimama: "Ninyi ndio mliotangulia. Mlikuwa mmeshafunga na mizigo." Mama akamweleza habari ya barafu. Mama Maria akasema, "Barafu," akatema mate pembeni, akaenda zake.

Baba alitufikia siku ya nne, kwa miguu. Barua ya ruhusa ilikuwa mfukoni, ameifunga kwenye nailoni isiloane na jasho. Alipiga magoti mbele ya Babu akamshika miguu.

"Nimepita nyumbani, Baba."

"Kizingiti kipo?"

"Ukuta umeangukia mbele. Paa limeungua lote."

"Nimekuuliza kizingiti."

"Sikukiona, Baba."

Babu akaitikia kwa kichwa. Toka siku hiyo akawa anakula kidogo kuliko mtoto wetu mchanga.

Mvua za kwanza zilitukuta chini ya turubai la magunia. Mimi nilikuwa nimeishi miaka yangu yote kwenye nyumba yenye kuta nene za udongo. Sikujua kwamba Tabora ina baridi. Ina baridi, ukilowa usiku na mchana. Zile blanketi zilitoka kwenye mizigo. Zililowa, zikawa nzito kama ng'ombe, zikanuka mbuzi. Babu akaanza kukohoa. Hakuna jirani aliyekubali kutuazima jiko wala kuni kavu.

Siku moja alasiri baba alikuwa porini akikata fito na mama amekwenda kutafuta unga. Mbingu ikageuka rangi ya jipu. Upepo ukaja, kisha kishindo, na nikaona vitu vyeupe vinaruka kwenye tope. Ilikuwa mvua ya mawe. Sikuwahi kuiona. Kuku mmoja aliangushwa papo hapo. Watu walikimbia na sufuria vichwani. Mimi nilitoka nje. Yalinipiga mgongoni na masikioni, sikujali. Nilijua ninachokiona: maji yaliyolala kama jiwe. Nilijaza mikono miwili nikarudi chini ya turubai.

"Babu! Barafu! Barafu imetufuata!"

Nikamwekea kiganjani.

Nyie, ule uso. Hakushangaa. Alifumba mkono polepole, akauweka kifuani, ndani ya blanketi, juu ya ngozi. Akakaa hivyo. Maji yakaanza kumtoka kwenye vidole yakishuka tumboni, akajaribu kuyazuia kwa mkono wa pili. Akanusa vidole. Akasema, "Hivihivi. Ilikuwa hivihivi."

Ndipo akaniambia. Aliniambia mimi, hakumwambia baba wala mtu mwingine.

Kule juu hapakuwa na jiwe. Kulikuwa na barafu tupu, ngumu, nyeupe. Yeye ni kijana wa Unyamwezi, barafu ameiona siku tatu tu maishani mwake na siku zote tatu haikuyeyuka. Kwake lilikuwa jiwe la nchi ile. Alivunja kipande pale kichwani kwa Doto, akakifunga kwenye nguo, akakiweka kifuani kama desturi. Hakukiweka chini hata mara moja. Walipoanza kushuka kifua kikalowa. Akafikiri ni jasho. Waliposhuka zaidi akahisi kimepungua, akafikiri kimehama upande. Jioni akafungua nguo mbele ya moto. Hapakuwa na kitu.

"Sikukidondosha," Babu aliniambia, kama vile mimi ndiye mama yake. "Ningekidondosha ningejua alipobaki. Kiliniishia mkononi."

Akatembea miezi hiyo yote kurudi hana kitu. Karibu kabisa na nyumbani, pale mtoni watu wanapochota maji, akaona vijana wametangulia kumwambia mama yake kwamba anakuja, na mama yake amesimama mlangoni. Akainama kama anafunga kiatu. Hakuwa na viatu. Akaokota jiwe.

"Akaniuliza: ni la Doto hili? Nikasema ndiyo. Alilala juu yake siku ile, kifudifudi." Alikohoa muda mrefu. "Alikufa anajua amefika. Na mimi nikaliruka jiwe la mtoni maisha yangu yote."

Mvua ya mawe ilikuwa imekatika. Nje watu wanaitana kuhesabiana watoto.

"Mke wangu Nyamizi," akasema. "Ulisema baba yako yumo."

"Ndiyo, Babu."

"Ulimwona?"

"Hapana, Babu."

Akanyoosha mkono wake ule ulioloa, akatafuta bega langu, akalipata. Hakusema nimekusamehe. Hakusema si kosa lako. Alisema, "Basi tuko wawili," akajilaza.

Asubuhi hakuamka. Tulimzika kwenye blanketi la barafuni, lile zito kuliko yote. Baba alilia aliposhika pembe ya blanketi akasema yule Mhindi alituuliza. Majirani walikuja, ndiyo, kuzika hakuna kususa, wakachimba lile tope jeusi linaloingia maji kila jembe likizama. Tulipomaliza baba akatafuta jiwe. Mbugani hakuna mawe. Alitembea mpaka jua likaegama ndipo akapata moja, dogo, jekundu, akaligusisha kwenye kaburi, akanipa mimi.

"Usiliweke chini," akasema. "Siku tukirudi."

Hatukurudi. Barua ya ruhusa ikaoza na nailoni yake. Ile michembe ya Doto niliila mimi, njaa ya mwezi uliofuata, nimejifunika kichwa. Baba alifia palepale kijijini, mama baada yake. Mimi nikaolewa mjini. Lile jiwe nimelishonea mfuko na nimelitundika kwenye boriti ya kila nyumba niliyokaa. Marehemu mume wangu alidhani ni dawa, akanigombeza, nikamwacha agombe. Miaka yote hiyo halijagusa ardhi. Na wote waliowahi kuniuliza habari za kuhamishwa niliwaambia tulichukuliwa kwa nguvu. Wengine ndiyo. Sisi tulitembea wenyewe mpaka kwenye lori, kwa sababu mtoto alisema neno moja, na kitongoji kizima kikatufuata.

Basi, baada ya siku ile ya kipande cha barafu, nilimwambia Mihayo: meli yako nitapanda. Picha ya pasipoti nitapiga. Lakini kwanza nipeleke mahali, na twende wote uliowataja. Akakubali, akadhani ni matembezi.

Tulikwenda na gari mbili. Ile barabara ya misafara imelimwa, siku hizi ni mashamba ya tumbaku, matuta yamenyooka mpaka kwenye miti. Mwenye shamba akaturuhusu. Nilitembea mbele, Neema amenishika bega, maana nilimwambia anishike. Nilitafuta kisima; kimefukiwa. Nilitafuta ukuta, udongo umerudi udongo. Kando ya shamba, mahali wakulima wanapotupia wanayoyang'oa kwa jembe, kulikuwa na rundo la mawe. Mengi. Ya kijivu, bapa, makubwa kama kiganja cha mwanamume. Niliyatazama moja moja mpaka macho yakauma. Jiwe la mtoni halina alama. Sikulijua.

Wote walikuwa wamesimama wananisubiri kwenye jua. Mwanangu ameshika mwavuli. Mihayo ameinua simu apige picha.

Nilitoa lile jiwe jekundu kwenye mfuko. Nikapiga magoti mahali fulani kati ya matuta mawili, pasipo na kitu, nikachimba kwa vidole.

"Bibi," Mihayo akauliza, "kizingiti kilikuwa hapa hasa?"

Neema alikuwa bado amenishika bega, ananitazama mdomoni.

"Ni hapa," nikasema, nikaliweka chini.